Ardhi Kwanza, Kaboni Baadaye: Mwongozo kwa Jamii Inayoletewa Mradi wa Hewa Ukaa

Mfugaji wa Isiolo na mrina asali wa msitu wa Mau hawana mchango wa maana katika joto linalozidi duniani. Hata hivyo, mvua ikikosekana misimu miwili mitatu mfululizo, mizoga inayolala njiani ni ya ng'ombe wao na mizinga inayobaki mitupu ni yao. Sasa wanafikiwa na mgeni mwingine: kampuni inayotaka ardhi yao ihifadhi hewa ukaa, ili wachafuzi walio mbali wanunue hesabu ya hewa hiyo na waendelee na shughuli zao. Hapo wanaweza kudhulumiwa mara ya pili, safari hii kwa jina la kutunza mazingira.

Sisemi kila mradi wa kaboni ukataliwe. Katika Bonde la Yaeda, wilayani Mbulu nchini Tanzania, Wahadzabe wamepata fedha za kaboni kwa miaka mingi na bado wanawinda, wanarina asali na kuchimba mizizi kwenye ardhi yao. Lakini tazameni msingi wao: mwaka 2011 walipata hati ya hakimiliki ya kimila ya pamoja, na biashara ikajengwa juu ya hati hiyo. Palipoanza biashara kabla ya ardhi na ridhaa, yaliyofuata ni kesi na watu kufurushwa makwao. Sheria nyingi nitakazozitaja ni za Kenya, maana ndiko ninakofanya kazi hii. Ndugu zangu wa Tanzania nitawagusia njiani.

1. Jueni kinachouzwa

Hati moja ya kaboni ni tani moja ya hewa ukaa ambayo inasemekana imezuiwa isiende angani, au imenyonywa na miti na udongo. Mnunuzi hachukui mti wala mchanga. Anachonunua ni ahadi yenu kwamba mtaishi kwa namna fulani kwa miaka mingi: hamtakata hapa, hamtachunga pale, hamtahamia kule.

Hili lisemwe mapema na kwa lugha ya nyumbani, kwa sababu wageni wengi huanza na madarasa, visima na basari, na habari ya malisho huja ukurasa wa arobaini. Mradi wa kaboni wa nyanda za malisho kaskazini mwa Kenya, unaosimamiwa na Northern Rangelands Trust, ulipangwa kwa miaka 30 na unategemea wafugaji wabadilishe namna ya kuzungusha mifugo. Waborana wa Isiolo tayari wana dedha, baraza la wazee linaloamua nani anywe maji kisima gani na mifugo ihame lini. Mradi ukileta ratiba yake ya malisho, ni lazima ijulikane nani ana neno la mwisho siku ya kiangazi: dedha au ofisi ya mradi. Kama hakuna jibu lililoandikwa, jibu litakuwa ofisi.

Kwa hiyo kaeni kwanza peke yenu, bila kampuni, bila chifu, bila mwakilishi wadi. Orodhesheni matumizi yote ya ardhi hiyo: malisho ya masika na ya kiangazi, njia za mifugo, chumvi, kuni, dawa, mizinga, makaburi, mahali pa jando na pa maombi. Wanawake waorodheshe ya kwao mbali, kisha orodha ziunganishwe. Mara nyingi orodha yao ndiyo ndefu zaidi, na ndiyo inayosahaulika kwenye mikataba.

2. Ardhi iwe na karatasi

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 63, inatambua ardhi ya jamii, ikiwemo ardhi ya mababu na ile ambayo kwa asili ilikaliwa na jamii za wawindaji na warina asali. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 ndiyo inayoeleza namna ya kuisajili. Kama ardhi yenu haijasajiliwa, serikali ya kaunti inaishika kama mdhamini wenu, na mdhamini huyo haruhusiwi kuiuza wala kuihamisha. Pamoja na hayo, ardhi isiyosajiliwa ni mwaliko kwa kila anayetaka kuzungumza na kaunti badala ya kuzungumza nanyi.

Anzeni na daftari la wanajamii. Kila mtu mzima aandikwe, mwanamke na mwanamume, aliyezaliwa hapo na aliyeolewa hapo. Kisha mkutano wa jamii uchague kamati ya usimamizi wa ardhi yenye watu kati ya saba na kumi na watano. Kamati hii ni mtumishi wa mkutano. Haina mamlaka ya kutia sahihi mkataba wa uwekezaji kwa niaba yenu bila ninyi kuidhinisha, na mwenyekiti anayedai kwamba anayo ama hajaisoma sheria au ameahidiwa kitu.

Usajili ni kazi ya kuchosha. Ramani zinagongana, majirani wanadai mipaka, msajili wa ardhi ya jamii yuko mbali. Msiuache. Mkiwa na mgogoro wa mpaka na jirani, umalizeni kwa wazee kabla kampuni haijaujua, kwa kuwa mipaka yenye ugomvi ndiyo upenyo wa kugawanya watu.

Tanzania njia ni tofauti. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi, na mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye kauli. Silaha kubwa huko ni mpango wa matumizi bora ya ardhi pamoja na hati ya kimila ya pamoja, ile iliyopatikana Yaeda. Edward Loure na wenzake wa shirika la Ujamaa Community Resource Team waliifanya kazi hiyo kwa wafugaji na wawindaji wa kaskazini mwa Tanzania mpaka zaidi ya ekari 200,000 zikapata ulinzi, na mwaka 2016 Loure akatunukiwa Tuzo ya Goldman, ya watetezi wa mazingira.

3. Mkutano, na karatasi ya mahudhurio

Hapa ndipo jamii nyingi hupotezea haki yao, tena kwa jambo dogo.

Mgeni anakuja na maji ya chupa, chakula na posho. Karatasi inazungushwa, kila mtu anaandika jina, namba ya kitambulisho na sahihi. Mtu anadhani anasaini posho. Baadaye karatasi ile ile inaonekana nyuma ya ripoti kama ushahidi kwamba jamii ilishauriwa na ikakubali. Njia ya kujilinda ni rahisi: kabla ya sahihi ya kwanza, mtu wenu aandike juu ya kila ukurasa, kwa kalamu, "Mahudhurio tu. Hii si ridhaa," aweke tarehe, kisha apige picha karatasi yote ikiwa tupu na ikiwa imejaa. Mgeni akikataa maneno hayo yaandikwe, mkutano uishie hapo. Na ningeshauri posho isipokelewe kabisa siku ya kwanza. Kupokea posho si kosa la sheria. Tabu yake ni kwamba aliyepokea huona haya kuuliza swali gumu.

Wekeni daftari lenu la mikutano. Liandikwe na watu wawili, mmoja kijana na mmoja mtu mzima, na liwe na tarehe, mahali, nani alialika, nani alisema nini, swali gani liliulizwa na likajibiwaje. Maswali yasiyojibiwa yaandikwe pia, pengine kwa uangalifu kuliko yaliyojibiwa. Mwisho wa kikao lisomwe kwa sauti na wazee watie sahihi. Simu irekodi, lakini simu hupotea na hunyang'anywa. Daftari linakiliwa na nakala zinakaa sehemu tatu tofauti.

Umuhimu wa daftari hilo ulionekana Lamu. Mwaka 2016 NEMA, mamlaka ya serikali ya Kenya inayosimamia mazingira, ilitoa leseni ya kujenga kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050 katika kaunti ya Lamu, ambako mji wake mkongwe ni urithi wa dunia tangu 2001. Wakazi kupitia muungano wa Save Lamu walikata rufaa. Tarehe 26 Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira liliifuta leseni ile. Sababu kubwa ilikuwa kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo: mikutano iliyotajwa ilifanyika kabla ya utafiti wa athari kukamilika, kwa hiyo wavuvi na wakulima hawakuwahi kuelezwa madhara yenyewe ili wayajadili. Swali la nani aliambiwa nini, lini, ndilo lililoangusha mradi wa mabilioni.

Sasa wakati wa kuamua. Sheria ya Ardhi ya Jamii, kifungu cha 36, inasema mkataba wa uwekezaji si halali mpaka uidhinishwe na theluthi mbili ya watu wazima, katika mkutano ulioitishwa kwa ajili ya jambo hilo, na ambao theluthi mbili ya watu wazima wamewakilishwa. Jamii yenye watu wazima 900 inahitaji angalau 600 uwanjani. Wazee kumi chini ya mgunga hawatoshi, hata wawe waheshimiwa kiasi gani.

Basi chagueni siku vizuri. Vijana wakiwa fora, kwenye malisho ya mbali na mifugo, hamna akidi. Mkutano wa asubuhi huwakosesha akina mama wanaochota maji. Mkiitisha wakati wa kiangazi kikali, watu wenye njaa watakubali chochote, na wageni wengine wanalijua hilo. Mimi huwaambia watu wasubiri mvua: mifugo ikirudi nyumbani, watu wote wapo na vichwa vimetulia.

Mzungumze mara mbili au tatu kabla ya kura, na kati ya mkutano na mkutano zipite wiki kadhaa. Azimio la Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wa Asili, lililopitishwa tarehe 13 Septemba 2007, linataka ridhaa iliyo huru, inayotolewa mapema na yenye taarifa kamili. Tanzania ililipigia kura ya ndiyo. Kenya haikuegemea upande wowote, ndiyo maana mbele ya ofisi za Kenya ni afadhali kutanguliza Katiba na Sheria ya Ardhi ya Jamii, kisha azimio lifuate kama nguzo ya pili.

4. Ombeni nyaraka

Msijadili mradi kwa maneno ya mdomo. Barua moja iende kwa kampuni na nyingine kwa ofisi ya serikali, mkiomba mkataba wenyewe, tathmini ya athari kwa mazingira na jamii, ramani ya mradi, na majina ya wafadhili na wanunuzi. Kifungu cha 35 cha Katiba kinawapa haki hiyo. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili, na inaipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu. Hamlazimiki kueleza kwa nini mnataka. Mkinyimwa, mlalamikie Tume ya Haki ya Utawala ndani ya siku 30.

Barua ipelekwe kwa mkono, nakala yenu igongwe muhuri wa mapokezi wenye tarehe. Kama karani anakataa kugonga muhuri, tumeni kwa posta ya rejesta na mtunze risiti.

Miradi mingi ya kaboni huandikishwa kwenye daftari la kimataifa la Verra, ambalo liko wazi kwenye intaneti. Mtafutieni kijana anayesoma Kiingereza vizuri afungue nyaraka za mradi wenu huko. Mara kwa mara kilichoandikwa kule hakifanani na kilichosemwa barazani: eneo ni kubwa zaidi, au jamii imeandikwa kwamba ilikwisha kubali. Kuna kipindi cha siku 30 cha maoni ya umma. Kitumieni, na mwambatanishe kurasa za daftari lenu la mikutano.

5. Mkataba: asilimia 40 ya nini?

Marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi yaliyotiwa sahihi Septemba 2023, siku chache kabla ya mkutano wa tabianchi wa Afrika uliofanyika Nairobi, yanataka kila mradi wa kaboni kwenye ardhi ya jamii uwe na makubaliano ya maendeleo ya jamii, na kwa miradi inayotegemea ardhi yenyewe, kama misitu na malisho, angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia iende kwa jamii hiyo. Kanuni za soko la kaboni zikafuata mwaka 2024.

Asilimia 40 inasikika tamu. Ulizeni: ya nini? Gharama zipi zinakatwa kabla ya kugawa? Nani anahakikisha bei ambayo hati ziliuzwa? Kampuni ikijiuzia hati kwa bei ndogo kupitia kampuni dada nje ya nchi, asilimia 40 yenu ni ya bei ndogo. Dai mkataba useme kwamba kamati yenu itaonyeshwa kila ankara ya mauzo, na mkaguzi wa hesabu atachaguliwa kwa kukubaliana.

Mengine ya kukagua nitayapitia haraka, lakini kila moja limewahi kuwa chanzo cha kilio mahali fulani. Mkataba ni wa miaka mingapi, na mnaweza kutoka lini? Kampuni inaweza kuuza mkataba kwa mwingine bila kuwauliza? Moto ukiteketeza msitu au ukame ukimaliza majani, deni la tani zilizopotea ni la nani? Mgogoro utaamuliwa wapi? Mkataba unaopeleka kesi London ni mkataba ambao hamwezi kuudai. Je, orodha ya matumizi mliyoiandika katika hatua ya kwanza imeambatanishwa kama haki zisizoguswa? Na je, kuna nakala ya Kiswahili au ya lugha yenu, yenye nguvu sawa mbele ya sheria?

Tafuteni wakili asiyelipwa na kampuni. Mashirika kama Kituo cha Sheria na Natural Justice yamefanya kazi na jamii kwa masuala ya ardhi na mazingira. Wakili anayeletwa na mgeni, hata akiwa mtu mzuri, ana mwajiri mwingine.

6. Fuateni fedha

Kampuni mnayoiona mara nyingi imebebwa na fedha za mtu mwingine: benki, serikali ya nje, mfuko wa hifadhi. Huyo ana sera zake kuhusu haki za watu wa asili, na anaogopa aibu kuliko mwenye gari lililoegeshwa kwenu.

Wasengwer wa Embobut katika milima ya Cherangani wanalijua hili. Wamefurushwa msituni mara nyingi, nyumba zao zikichomwa na walinzi wa misitu. Januari 2018 mmoja wao alipigwa risasi akafa, na Umoja wa Ulaya ukasimamisha mradi wake wa kuhifadhi "minara ya maji", yaani misitu ya milimani inayolisha mito, wa yuro milioni 31. Haikutokea kwa bahati. Kabla ya siku ile wazee na vijana wa Embobut walikuwa wamekwisha kuandika barua, kupiga picha za nyumba zinazowaka na kuzituma Brussels. Kwa hiyo maafisa walipoulizwa, hawakuweza kusema hawakujua.

Barua kwa mfadhili iwe fupi, ukurasa mmoja, yenye tarehe, mahali, picha na ombi moja. Kama fedha ni za Benki ya Dunia, kuna Jopo la Ukaguzi linalopokea malalamiko ya jamii moja kwa moja. Kama ni za tawi lake linalokopesha kampuni binafsi, ofisi ya malalamiko inaitwa CAO.

7. Mambo yakifika mahakamani

Kesi ije mapema. Leseni ya NEMA ikitolewa, mna siku 60 za kukata rufaa kwenye Jopo la Kitaifa la Mazingira, na siku hizo huyoyoma haraka mkiwa mnachanga nauli. Ombeni pia amri ya kusimamisha kazi kesi ikiendelea, maana msitu uliokatwa haurudishwi na hukumu. Kwa haki ya mazingira safi, kifungu cha 70 cha Katiba hakiwadai mthibitishe kwamba mtu amekwisha kuumia.

Wakazi 165 wa Isiolo walikwenda mahakamani mwaka 2021. Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua kwamba hifadhi za jamii za Biliqo Bulesa na Cherab zilianzishwa kinyume cha sheria, bila wananchi kushirikishwa inavyotakiwa. Biliqo Bulesa ilikuwa ndani ya ule mradi wa kaboni nilioutaja. Zaidi ya miaka mitatu ya kusubiri ni mingi. Ndiyo maana nasisitiza hatua za mwanzo.

8. Barabarani, na usalama wenu

Mkiamua kuandamana, Sheria ya Utulivu wa Umma inataka mkuu wa kituo cha polisi apewe taarifa kati ya siku 3 na 14 kabla. Ni taarifa mnayotoa, hamuombi ruhusa. Pigeni nakala, mpate muhuri.

Wasemaji wasiwe mtu mmoja. Akikamatwa, akitishwa au akinunuliwa, kazi yote inasimama. Pokezaneni. Kundi la simu lenye watu mia mbili lina masikio ya kila upande, basi mipango nyeti isiandikwe humo. Muungano wa kitaifa wa watetezi wa haki za binadamu, Defenders Coalition, husaidia watetezi walio hatarini kwa dhamana na mahali pa kujificha. Wapateni mapema, kabla ya dharura. Na familia ya mtetezi iangaliwe. Mama anayekwenda Nairobi kutoa ushahidi ameacha mbuzi na watoto. Mtu apangwe wa kuwashughulikia.

9. Baada ya ushindi

Waogiek wa Mau walishinda katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, tarehe 26 Mei 2017. Mahakama ilikataa hoja kwamba walipaswa kuondolewa ili msitu uhifadhiwe, ikisema haikuthibitishwa kwamba wao ndio walioumaliza. Tarehe 23 Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia ya zaidi ya shilingi milioni 157 na wapewe hati ya pamoja ya ardhi yao ndani ya miaka miwili. Novemba 2023, wakati macho ya dunia yakiwa kwenye kaboni ya misitu, familia za Waogiek zilibomolewa nyumba tena huko Narok.

Kwa hiyo kamati isivunjwe siku ya hukumu. Iwe na watu watatu wenye kazi moja tu: kupeleka nakala ya hukumu kwa kila ofisi inayohusika, kuanzia wizara, kaunti, kituo cha misitu hadi polisi wa eneo; kudai ratiba ya utekelezaji kwa maandishi; na kurekodi kila ukiukaji siku unapotokea, kwa picha zenye tarehe na mahali. Kila baada ya miezi sita ripoti fupi iende mahakamani na kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu. Daftari la wanajamii lifunguliwe upya kila mwaka, waliofikisha miaka 18 waandikwe, kwa kuwa kampuni ijayo itahesabu theluthi mbili kwa kutumia orodha hiyo.